Simu Bubu na Zamu ya Maji ya Mama

Simu yangu ina adabu za ajabu. Mtu nisiyemjua akinitumia picha ya waridi linalometameta na maneno ya kunitakia wiki yenye baraka, inalia. Wauza bima wakitaka kunikumbusha kwamba nitakufa, inalia. Betri ikibaki kidogo inalia, ikijaa inalia tena, kana kwamba niliiuliza. Lakini ujumbe wa kuniambia mamangu ana maji kesho asubuhi, ujumbe pekee wenye maana katika juma zima, huo unaingia kimya, unakaa pembeni, na unanisubiri mpaka niukute mwenyewe maji yakiwa yameshapita.

Niwaeleze vizuri, maana jambo lenyewe si la kuchekesha ingawa nalieleza hivi. Mama anaishi Mitunguu, kule chini kwenye joto, ambako ndizi haziishi kwa mvua. Zinaishi kwa bomba. Kuna kikundi cha maji, na kila mwanachama ana laini yake, yaani bomba lake la shambani, na zamu yake. Zamu ikifika unafungua vali alfajiri, vinyunyizio vinazunguka mpaka saa sita mchana, unafunga, na jirani naye anafungua. Ukikosa, maji yanakupita na utangoja siku kama kumi hivi. Na kuna sheria: ukikosa mara tatu bila taarifa, kamati inakaa, na laini yako inaweza kupewa mwingine aliye kwenye foleni. Foleni ni ndefu. Bila laini, shamba la Mitunguu ni vumbi lenye hati miliki.

Zamani katibu wa kikundi alikuwa anampigia kila mtu jioni ya kuamkia zamu. Katibu huyu ni mwalimu mstaafu, na huku kwetu mwalimu akistaafu anakuwa katibu wa kila kitu, kuanzia maji mpaka harusi mpaka mazishi. Mwaka huu akaamua tuende na wakati. Hakuna kupigiana tena, akasema, kila tangazo litawekwa kwenye grupu ya simu, na grupu ipo tayari, wote mmo ndani.

Wote, isipokuwa mama. Mama ana kabambe, ile simu ndogo ya vibonyezo ambayo betri yake inakaa wiki nzima na tochi yake inamulika hadi kwa jirani. Haijui grupu ni nini. Mimi ndiye niliyekuwa ndani kwa niaba yake. Ninaishi Majimbo, mjini Embu, ni karani wa ofisi, na nina simu janja kubwa kama ubao wa kukatia sukuma wiki. Basi familia ikakaa ikaamua kwamba mimi nitakuwa masikio ya mama. Familia ni mama. Nisome tangazo, nimpigie, afungue vali. Kazi hiyo angeiweza mtoto wa darasa la tatu.

Mara ya kwanza kuikosa nilikuwa ofisini, nimefungua simu kutafuta kitu kingine kabisa, nikaona tangazo la tangu juzi. Zamu ya mama ilikuwa imepita jana. Nikampigia papo hapo.

"Mama, zamu ilikuwa jana!"

"Najua. Nimeona jirani akifungua."

"Sasa mbona hukumwuliza jirani tangu mapema?"

"Nimwulize nini? Nimwambie msichana wangu wa Embu hajanipigia?"

"Na kamati utaiambia nini?"

"Hiyo niachie mimi," akasema, na akakata, maana mama haamini katika kupoteza krediti, hata iwe yangu, kwa maneno ambayo yameshaisha.

Nikaapa kwamba simu hii nitaitengeneza au itanitengeneza mimi. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba Embu nzima imejaa mabingwa wa simu, tena wa bure. Wa kwanza ni mwenzangu wa meza ya pili, mama mmoja wa Manyatta anayetuletea maparachichi kila Jumatatu na ushauri kila siku. Akaichukua simu, akaivuta skrini kutoka juu, akaniuliza kama nimewasha kile kitu cha mwezi, kile cha "Usinisumbue". Hakikuwa kimewashwa. Akasema basi ni vumbi imeingia kwa spika, nitafute mswaki wa zamani nisugue. Nikasugua. Nilisugua tundu zile mpaka simu ikawa na meno safi kunishinda.

Kijana wa uhasibu akasema tatizo ni ile setingi ya kuokoa chaji, inalaza kila kitu usingizi. Nikaizima. Betri ikawa inaisha saa nane mchana, lakini angalau ilikuwa inaisha ikiwa macho. Bosi wetu, ambaye bado anachapa kwa kidole kimoja, akanishauri niizime na kuiwasha. Nikamshukuru sana kwa utaalamu wake. Nikaizima na kuiwasha.

Kisha yule mama wa Manyatta akanitumia ujumbe wa kujaribu. Pii! Simu ikalia, ofisi nzima ikapiga makofi, na mimi mjinga nikainama kama bibi harusi.

Kwa tahadhari nikaipandisha sauti hadi mwisho na nikachagua mlio wa jogoo, ili hata nikiwa nafua nyuma ya nyumba nisikie. Jumapili iliyofuata nikaenda nayo kanisani hivyo hivyo. Mchungaji akasema sasa tunyamaze mbele za Bwana, tukanyamaza, na jogoo wangu akawika mara mbili. Ilikuwa picha ya waridi. Mchungaji wetu hakosi neno. Akasema jogoo akiwika kanisani, kila mtu ajichunguze amemkana nani. Watu wakacheka kwenye sala. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto, na Jumatano ya wiki ileile nikakuta kwamba zamu ya mama imepita tena. Jogoo hakusema kitu.

Mara ya pili. Mama safari hii hata hakunipa nafasi ya kulia. "Majani yamejikunja kidogo tu," akasema. Mama akisema kidogo tu, jua kuna msiba. Ndizi ikikosa maji Mitunguu majani yanajikunja kwanza, halafu mkungu unatoka na vidole vyembamba, na mnunuzi akija anaupita kama haupo.

Nikaenda kwa fundi. Kibanda chake kiko mjini, kimejaa simu zilizofunguliwa matumbo, na yeye mwenyewe alikuwa na majani ya muguka shavuni na utulivu wa mtu ambaye hana mama Mitunguu. Akaigeuza simu, akanitumia ujumbe kutoka simu yake. Pii! Akanipigia. Ikalia. Akanitazama kwa huruma.

"Madam, hii simu iko fiti."

"Haiko fiti. Kuna ujumbe unaingia bila sauti."

"Wote?"

"Sio wote. Ule muhimu."

Akatafuna kidogo. "Sasa madam, simu itajuaje ule muhimu ni gani?"

Swali zuri sana. Nikamwambia asiniletee falsafa, atengeneze. Akasema basi tuifute yote tuanze upya, na kwa muda wa saa nzima nikakaa kwenye stuli yake nikiona mstari mdogo ukitambaa kwenye skrini. Ilipowaka ilikuwa safi kama siku niliyoinunua, kisha kila kitu kikarudi kutoka kilikokuwa kimehifadhiwa: picha zote, meseji zote, na grupu zangu zote arobaini na kitu.

Ndiyo, arobaini na kitu. Kwetu mtu hatoki kwenye grupu. Ukitoka, simu inawatangazia wote kwamba fulani ameondoka, na kabla ya jioni shangazi amekupigia kukuuliza umekosewa nini na nani. Kwa hiyo tunakaa. Harusi inaisha, wenye ndoa wana watoto watatu, na sisi bado tumo kwenye grupu ya kamati ya harusi. Tena hazifungwi, zinabadilishwa jina tu. Ya harusi inakuwa ya karo ya mtoto fulani, ya karo inakuwa ya kununua viti vya kanisa. Mtu mwenye heshima zake hatoki. Anainyamazisha, anachagua "daima", na maisha yanaendelea. Nimezinyamazisha nyingi kwa heshima hiyo. Lakini hii ya maji? Naapa sikuigusa. Ningeinyamazishaje na ndiyo niliyokuwa naingoja mchana kutwa? Niliiona pale kwenye orodha, jina lake limeandikwa maji, picha yake bomba, nikaridhika.

Mwenye akili atauliza kwa nini nisiifungue tu kila jioni nikaangalie. Nilifanya hivyo siku nane mfululizo. Siku ya tisa tulikuwa na wakaguzi ofisini, nikarudi Majimbo miguu imevimba, nikajiambia simu imetengenezwa na bingwa, ikilia nitasikia. Haikulia. Hiyo ikawa mara ya tatu.

Mama akanipigia mwenyewe, jambo ambalo halifanyi.

"Jumamosi kuna mkutano wa maji. Usije, una kazi."

Nikafunga safari Jumamosi asubuhi, maana "usije" ya mama naijua. Nilipopita shambani nilitamani nisingepita. Migomba yote ya upande wa chini ilikuwa imekunja majani, na kati ya mistari miwili niliona alama za jerikeni kwenye udongo, duara moja baada ya jingine. Mama alikuwa akibeba maji kwa mkono kutoka kwenye tangi la nyumbani. Ana miaka zaidi ya sabini. Sikumwuliza, kwa sababu ningeuliza ningelia, na yeye alikuwa ameshavaa kitambaa chake cha mkutano.

Tukakaa katika ukumbi wa kanisa, watu kama sitini kwenye mabenchi. Maombi, kumbukumbu za mkutano uliopita, bomba lililopasuka, halafu mwenyekiti akakohoa. Mwenyekiti ni mzee mpole, rafiki ya marehemu baba, na alikuwa anatazama karatasi ili asimtazame mama.

"Kuna hii ya mama yetu," akasema. "Amekosa zamu tatu. Mara zote tatu nimemwendea mwenyewe, na mara zote ameniambia ukweli. Ameniambia binti yake hupiga simu vizuri kabisa, kila mara, ila yeye ndiye husahau. Ni umri, ndugu zangu. Hatumlaumu. Lakini maji yanapotea. Kamati inaona labda laini ipewe familia yenye nguvu, naye apumzike."

Nikamgeukia mama. Alikuwa anatazama mbele, mikono juu ya kibeti, ametulia kabisa. Mama huyu! Mama aliyenichapa nikiwa na miaka sita kwa kusema uongo kuhusu kipande cha sukari, mshirika wa kikundi cha akina mama miaka thelathini, alikuwa amemdanganya mwenyekiti mara tatu bila kupepesa. Angekubali kupoteza shamba kuliko kuwaambia watu kwamba msichana wake wa Embu hampigii.

Nikasimama. Akanishika sketi. "Kaa chini," akanong'ona. Sikukaa.

"Mwenyekiti, mama hajasahau kitu. Mama anakumbuka hata siku niliyoota jino la kwanza. Ni mimi sikumpigia. Na sikumpigia kwa sababu simu yangu ni mbovu, imeshindikana kwa mafundi wote wa Embu."

Minong'ono ikaanza. Nilikuwa na hasira sasa, hasira tamu ya mtu ambaye ana ushahidi mkononi. Nikamwomba katibu atume ujumbe kwenye grupu papo hapo, wajionee. Katibu akavaa miwani, akaandika polepole, akatuma. Pii, ikalia simu moja kule nyuma. Pii, nyingine. Labda saba hivi ukumbi mzima. Yangu skrini iliwaka, ujumbe ukaonekana, sauti hakuna.

"Mnaona!" nikasema, nimeinua simu juu kama kombe la mpira. "Mnaona sasa!"

Katibu akaja, akaichukua, akabonyeza jina la grupu pale juu. Akatazama kwa muda. Kisha akanisogezea skrini karibu na akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mwalimu asiyetaka kumwaibisha mwanafunzi wake, "Umeinyamazisha wewe mwenyewe. Daima."

"Mimi? Lini? Mwalimu, hii ya maji mimi sijawahi kuigusa."

"Haikuwa ya maji," akasema. "Hii ndiyo ile ya wakati wa baba yako. Niliibadilisha jina kwa sababu majirani wote walikuwa tayari wamo ndani."

Akaanza kuvuta zile meseji kurudi nyuma kwa kidole, vali, mabomba, zamu, na mara zikabadilika. Sufuria za kupikia wageni. Nani ataleta hema. Picha ya baba amevaa koti lake la kijivu, na chini yake pole, pole sana, pole familia, nyingi mno hazina mwisho. Nikakumbuka. Tulikuwa kaburini. Walikuwa wameanza kuteremsha jeneza, na simu ilikuwa mfukoni mwangu inalia, pii, pii, pii, watu wa mbali wakituma pole zao wakati uleule, na nikaona kama nitapiga mayowe. Nikaitoa, nikabonyeza cha kwanza nilichoona, na ikanyamaza. Tangu siku hiyo sikuwahi kupandisha meseji zile juu kuzisoma. Hata moja.

Katibu aliona uso wangu. Mungu ambariki, akanong'ona, "Tuseme tu simu ni mbovu. Keti."

Ingekuwa rahisi. Watu hawa ndio waliochimba lile kaburi. Ndio waliopika, waliobeba viti, waliolala kwetu siku tatu ili mama asilale peke yake. Niwaambie kwamba niliwanyamazisha wote milele kabla hata udongo haujarudishwa? Lakini simu ikiwa mbovu leo itakuwa mbovu na zamu ijayo, na mwenyekiti alikuwa bado ameshika karatasi yake, na laini ilikuwa juu ya ile karatasi.

"Simu si mbovu," nikasema. "Simu ni nzima. Ni mimi niliifunga hii grupu siku tulipomzika baba, pale pale kaburini, na nimesahau kuifungua. Mama msimguse. Hana kosa."

Mwenyekiti akaishusha ile karatasi. Akatazama mabenchi, na nikaona jambo linamjia kichwani.

"Hebu ngojeni," akasema. "Simu zilizolia ni saba. Na nyinyi wengine?"

Aisee! Sijawahi kuona wakulima wakipenda sakafu namna ile. Mmoja mmoja wakaanza kutoa simu, wakibonyeza, wakikuna vichwa. Mama mmoja wa mbele akasema kwa ukali kwamba zile pole zilikuwa zinammaliza chaji. Mke wa katibu mwenyewe akainama akatafuta kitu kwenye kikapu ambacho nina hakika hakikuwemo. Kumbe wengi wao walikuwa wanasikia habari za zamu kwa kuulizana tu juu ya ua, kitu ambacho mama, kwa ajili yangu, alikataa kufanya.

Haikuchukua muda. Katibu akaamriwa arudi kuwapigia wenye kabambe, akakubali bila mabishano, akimtazama mkewe. Laini ikabaki kwa mama. Tena jirani wa zamu ya siku hiyo, bila kuombwa, akasema atampisha mama muda uliobaki wa zamu yake, maana migomba yake ameiona.

Tulitembea kwenda shambani, yeye mbele mimi nyuma. Nilijua ananikasirikia. Nilikuwa nimemfanya mwongo mbele ya kanisa zima, na zaidi ya hapo alikuwa amesikia kuhusu kaburini, jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Tulipofika kwenye vali akasimama, ameishika, hafungui.

"Siku ile," akasema, "ulibonyeza wapi?"

Sikuelewa. Akanyoosha mkono. Nikampa simu, nikamwonyesha pale, jina la grupu juu, kisha neno lile, "daima". Akalitazama kwa karibu, ingawa bila miwani hawezi kusoma herufi ndogo hivyo.

"Mimi pia nilikuwa natafuta mahali pa kubonyeza," akasema. "Sikupata."

Akanirudishia simu, akainama akazungusha vali kwa mikono yote miwili, na akaniambia nisogee kando, nitalowa.